Jumamosi tano Mkomani: mafunzo ya akili unde kwa vikundi vya hisani, nayapa nyota tatu na nusu

Nianze na rauta, kwa kuwa ndiyo iliyotuchelewesha. Nyumba waliyoikodi ni ya zamani, Mkomani, mtaa wa mji wetu wa Lamu (wenyewe twasema Amu), mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unene wa mkono mzima. Mtandao haupiti. Kijana wa vifaa alizunguka na kisanduku chake kutoka daka la mlangoni hadi kiwanda, yaani ua wa ndani, kutoka kiwanda hadi msana, chumba kirefu kinachoelekea ua, sisi twamfuata kwa macho kama mtu anayetafuta pa kuchimba kisima. Mwisho akapanda kiti, akakiweka ndani ya kidaka cha juu kabisa, pale ambapo bibi zetu walikuwa wakipanga sahani za Kichina. Taa ya kijani ikawaka. Tukapiga makofi, watu wazima 14, na mafunzo yakaanza saa nzima na robo baada ya wakati wake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na sasa ni katibu wa kikundi cha wanawake 31. Twapanda mikoko, na kile kidogo tunachopata kwa kuuza miche na kwa wahisani twawanunulia sare na vitabu mayatima 19. Ofisi hatuna. Ofisi ni sebule yangu na kabati moja la bati lenye kufuli. Waliotualika ni shirika linalozunguka Pwani likifundisha vikundi kama chetu kutumia simu, kompyuta na akili unde, bila malipo. Jina lao silitaji, mji ni mdogo na bado nataka kualikwa. Anayetaka kulijua aulize sokoni, ataambiwa hadi jina la nahodha aliyewavusha.

Hili neno lenyewe, kuna wanaosema akili mnemba, kuna wanaosema akili bandia. Mimi nimeshika akili unde kwa sababu kuunda twakujua. Matondoni huundwa majahazi, na mtoto wa hapa akikiona chombo anajua kina fundi wake, kina mbao zilizotoka mahali, na kina pahali patakapovuja.

Turudi kwenye ratiba. Rauta ni jambo dogo. Kubwa ni maji. Walipanga Jumamosi zote tano zianze saa mbili na nusu asubuhi, wakachapisha kalenda nzuri ya rangi, na hakuna aliyeuliza maji yanajaa saa ngapi. Anayetoka Faza au Kizingitini hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na maji yakiwa yamekupwa boti kubwa Mkanda haipiti, ukae ungoje. Wenzetu wawili wa upande huo, kisiwa cha Pate, Jumamosi ya pili walifika saa tano. Jumamosi ya nne iliwabidi waondoke kabla ya chakula, wakalikosa somo ambalo chumba kizima kilikuwa kikilingojea tangu siku ya kwanza. Nauli tulirudishiwa Sh 500 kila mtu, awe katoka Langoni kwa miguu au katoka Kizingitini kwa boti. Mimi wa Langoni. Niliona haya kuzipokea, nikazipokea.

Walimu walikuwa wawili. Wa kwanza kijana kutoka Nairobi, hodari, mwepesi wa ulimi, slaidi zake zina michoro inayotembea. Wa pili binti wa Malindi, ambaye siku ya kwanza nilidhani amekuja kugawa maji ya chupa. Huyu alikuwa akiingia asubuhi anapita kwa kila mmoja, "Sabalkheri Mwalimu, umeamkaje, na ile simu imekubali?" kisha anakaa chini ubavuni mwako mpaka ikubali. Nyota tatu kati ya hizo tatu na nusu ni zake.

Kijana alifungua na slaidi ya Uingereza. Huko kuna ripoti ya kila mwaka kuhusu ujuzi wa kidijitali katika mashirika ya hisani, na ya mwaka 2025 ilisema mashirika 76 kati ya kila 100 yanatumia akili unde, kutoka 61 mwaka uliotangulia. Alisimama hapo akingoja tushangae. Bwana wa Kizingitini akaniinamia: "Hao wana stima." Nilicheka mpaka nikatazamwa. Mfano niliokuwa nikiutaka uliletwa na binti wa Malindi wiki tatu baadaye, na alipewa dakika kumi tu: Jacaranda Health, shirika la hisani linalofanya kazi Kenya, ambalo mwaka 2023 lilichukua Llama, modeli ya akili unde ya kampuni ya Meta, likaifunza Kiswahili, likaiita UlizaLlama, ili isaidie kuwajibu kina mama wajawazito wanaotuma maswali kwa SMS. Hao ni watu wa kazi kama zetu, simu zao ni kama zetu. Ningekuwa mimi mkuu wa mafunzo, slaidi ya kwanza ingekuwa hiyo.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya paswadi na imeli, nami nilikuja na ushanga wangu wa tasbihi nikijua nitasinzia. Sikusinzia. Iligundulika kuwa kati ya vikundi tisa vilivyokuwamo, sita imeli ya kikundi ni imeli ya mtu. Yetu ilikuwa ya katibu aliyenitangulia, ambaye aliolewa akahamia Mombasa. Tulimpigia simu pale pale akakumbuka paswadi: jina la mwanawe wa kwanza na mwaka aliozaliwa. Binti wa Malindi alishika kichwa. Tulipoingia tukakuta barua ya mfadhili mmoja imekaa humo miezi minane haijafunguliwa, inatutaka tujibu katika siku 14. Mwenyekiti wetu alikaa kimya mpaka chai. Sasa kikundi kina imeli yake, ina uthibitisho wa hatua mbili, na namba za kuthibitisha zinakwenda kwenye simu mbili, yangu na ya mweka hazina, asije mmoja wetu akaolewa tena.

Siku hiyo hiyo wakatueleza habari ya vyeti, kwa haraka mno. Kampuni kubwa kama Google na Canva hutoa programu zao bure kwa mashirika ya hisani, lakini zataka hati ya usajili, na hapo ndipo vikundi vingi hukwama. Kuna vikundi vya kijamii vinavyosajiliwa kwa sheria ya mwaka 2022, ambayo yataka wanachama wasiopungua kumi, na kuna mashirika ya manufaa ya umma chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2013 lakini ikaanza kufanya kazi tarehe 14 Mei 2024. Nusu ya chumba hawakujua wao ni wapi. Sisi ombi letu lilirudi kwa kosa letu wenyewe: jina la kikundi kwenye cheti lina herufi moja ambayo kwenye akaunti ya benki haimo. Somo hili lilistahili Jumamosi nzima. Lilipewa robo saa, na kijana akaendelea na jinsi ya kutengeneza mabango.

Mabango ni mazuri. Sina zaidi la kusema juu ya mabango.

Sasa lile lililonifanya nisahau kero zote. Jumamosi ya pili, stima ikiwa imekatika na projekta imekufa, binti wa Malindi alitukusanya kiwandani penye mwanga akatufundisha KoboToolbox kwa simu zetu wenyewe. Ni programu ya kukusanyia taarifa, ilianzia kwa watu wa Chuo Kikuu cha Harvard waliokuwa katika kazi za misaada, na vikundi kama vyetu huitumia bure. Faida yake kwetu ni moja, na yatosha: fomu hujazwa bila mtandao. Waingia kwenye mikoko, wajaza, simu inahifadhi, na ukirudi mjini penye mtandao ndipo taarifa zinakwenda.

Fomu ya kwanza aliiandaa kijana wa Nairobi, na kwenye aina ya mti ameandika chaguo moja tu, "mikoko". Mweka hazina wetu ana miaka 63 na amezaliwa Matondoni. Alivaa miwani, akaisoma, akaivua.

"Mwanangu, mchu si mkoko."

"Si yote ni mikoko, mama?"

"Kwa wewe mpita ndia. Mlilana ni wa mataruma, mbavu za jahazi, mkoko ni wa boriti. Ukampelekee fundi mchu umwambie taruma hili, uone."

Basi fomu ikaandikwa upya, na majina yakaingia kama yanavyotajwa: mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana. Kijana, kwa haki yake, aliyaandika kwenye kitabu chake pia. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti yetu, na mtu aweza kuja kutufundisha kuihesabu bila kujua majina yake. Silaumu sana. Lakini nimeliandika.

Jumamosi ya tatu tulikwenda wenyewe kwenye hori, mkono wa bahari ulio nyuma ya Matondoni, maji yamekupwa. Hapo maji yaliulizwa, kwa sababu sisi ndio tuliopanga. Tope hadi magotini, buibui zimefungwa kiunoni, simu zimo ndani ya mifuko ya nailoni. Tuligawana mistari. Kila mche unaouona hai wabonyeza, unaouona umekufa wabonyeza, na simu yaandika mahali uliposimama. Tulihitaji maji kupwa mara mbili kumaliza, kwa hiyo tukarudi siku ya pili bila walimu.

Mwaka uliopita tulipanda miche 1,240. Iliyo hai ni 806. Nikuambie ukweli wa hili, kwa sababu bila ukweli huu tathmini yangu haina maana: katika ripoti zote tulizowapelekea watu tulikuwa tukiandika "zaidi ya miche elfu mbili". Hatukuona kuwa ni uongo. Mtu mmoja alisema kama elfu mbili hivi kwenye mkutano, nikaandika, na mwaka uliofuata nikanakili. Mistari miwili ya pembeni karibu yote ilikuwa imekwenda, mingine imekatwa na kaa, mingine imeng'olewa na mawimbi ya kusi. Tulijua ile mistari ni dhaifu. Hatukujua ni dhaifu kiasi gani mpaka tulipobonyeza mmoja mmoja.

Ndipo ikaja Jumamosi ya nne, ya akili unde yenyewe, na wale wawili wa Pate wakaondoka na maji yao saa tano na nusu.

Tulitumia ChatGPT na Gemini, kila mtu na simu yake na bando lake (bando hawakuturudishia, na hilo nalo lipo kwenye hesabu ya nyota). Kijana akasema andikeni ombi lolote. Niliandika: niandikie ombi la fedha la kikundi cha wanawake wa Lamu wanaopanda mikoko. Kabla sijaivuta miwani vizuri, ukurasa na nusu umeshajaa. Kiingereza cha kutamanika. Mimi nimefundisha Kiingereza miaka 27 na singeandika vile. Nikatakiwa nisome kwa sauti, nikasoma, nikafika pale panaposema kikundi kimepanda miche 5,000, na asilimia 85 imeshika, kwa ushirikiano na chuo kikuu kimoja. Watu wakapiga makofi.

Mweka hazina hakupiga. Akanigeukia: "Elfu tano tumezipanda lini? Yeo?" Yeo kwetu ni leo.

Kijana akasema huo ni mfano tu, mtabadilisha namba. Akaenda kwa mtu mwingine. Somo la muda wa saa nne, na la kukagua kilichoandikwa lilipewa sentensi moja hiyo. Hapa ndipo ninapowakata nyota nzima. Mtu anayejua Kiingereza kidogo hatabadilisha. Ataona maneno makubwa, atafurahi, atatuma. Na mfadhili akija na buti zake kwenye hori akahesabu, atakayeaibika si simu.

Binti wa Malindi aliliona, akasubiri wakati wa chai akaja kukaa nasi. Alilieleza vizuri kuliko nilivyolisikia popote. Mashine hii haijaja kwenye hori kutazama. Imesomeshwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia neno lipi hufuata lipi. Maombi ya fedha iliyoyasoma yana tarakimu kubwa na majina ya vyuo, basi nayo ikafika mahali pa tarakimu ikaweka tarakimu. Halafu akatuonyesha njia ya pili: ipe namba zako wewe, iambie itumie hizo peke yake, na pale ambapo hukuipa kitu iache pengo na iseme ni pengo la nini. Nikaandika 1,240, nikaandika 806, wanachama 31, watoto 19, na niliyoyakumbuka mengine.

Safari hii ilirudi fupi, na ina mapengo saba. Mche mmoja hutugharimu shilingi ngapi mpaka kupandwa. Watoto wangapi kati ya 19 wamo shuleni bado muhula huu. Nani anailinda mistari usiku wakati wa kukata boriti. Na kadhalika. Manne kati ya hayo saba sikuwa na jibu, wala daftarini halimo. Nilitoka pale na karatasi ya mapengo nikaizungusha kwa wanachama wiki nzima, nyumba kwa nyumba, na tukayaziba sita. La saba, la gharama ya mche, bado twabishana, kwa sababu kuna wanaotaka mafuta ya boti yahesabiwe na kuna wanaosema boti ingekwenda vivyo hivyo.

Kwa Kiswahili ni habari nyingine. Niliiomba iniandikie ujumbe mfupi wa kuwaita kina mama kwenye mkutano, ikaniandikia hotuba ya waziri: wanufaika, kuwezeshwa, mustakabali. Nikaiambia andika kama mtu wa Amu azungumzavyo. Ikatia "bwana" mwisho wa kila sentensi, ujumbe wenyewe ni wa wanawake. Kusikia kwake nako kuna walakini. Mweka hazina alisema kwenye simu "yeo tumeuza miche arubaini", ikaandika "yao tumeuza miche arubaini". Akairudia polepole kama anayemfundisha mtoto, nayo ikarudia kosa lake. Mwisho akasema "leo", kwa uchungu, ikaandika sawasawa. Walitutajia mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao hukusanya sauti za watu wanaojitolea kusoma sentensi, Kiswahili kikiwamo, ili masikio ya mashine yazoee. Wasichana wa kikundi cha usafi wa ufuo walianza siku ile ile. Mweka hazina amekataa mpaka waweke "yeo".

Kisha kukatokea jambo ambalo lingenifanya nitoe nyota moja na kwenda zangu. Kijana alisema: sasa chukueni orodha ya wanufaika wenu, ibandikeni humo ndani, muiambie iwapangie kwa umri na mahitaji. Mimi orodha ninayo kwenye simu. Majina 19, umri, shule, mlezi, na kwa watoto watatu nimeandika na maradhi yao, kwa sababu kuna dawa tunazochangia. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Aliyenizuia ni bwana mmoja wa kikundi cha watoto walemavu, mtu mpole ambaye Jumamosi tatu nilikuwa sijamsikia sauti. Alisema, "Mimi hii siibandiki." Kijana akamwambia ni zoezi tu. Akajibu, "Zoezi la nani? Mtoto si wangu, mtoto ana mama yake."

Chumba kikanyamaza. Binti wa Malindi akasimama, akasema bwana amesema kweli. Akatueleza kuwa nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na kwamba habari za afya ya mtu, na habari za familia yake pamoja na majina ya watoto, sheria imeziweka katika fungu la taarifa nyeti, na za mtoto zataka idhini ya mzazi au mlezi. Kisha akatuonyesha la kufanya. Jina litoke, liingie herufi na namba, M1 hadi M19. Shule itoke, liingie darasa. Maradhi yasiingie kabisa. Ile karatasi inayosema M7 ni nani ikae kabatini, kabati la bati, lile lenye kufuli, na ufunguo uwe na mimi. Na kwenye mipangilio ya ChatGPT kuna mahali pa kukataa mazungumzo yako yasitumiwe kuifundisha. Tukapazima sote, mmoja mmoja, akipita kukagua. Kijana alikubali kosa, si kwa maneno mengi, ila Jumamosi ya tano slaidi ile haikuwamo tena kwenye faili aliyotugawia. Niliangalia.

Tangu hapo tumeandika karatasi ya idhini, nusu ukurasa, Kiswahili cha watu, na walezi 17 wametia sahihi. Wawili wamekataa picha za watoto zisitumike popote. Zimefutwa.

Ya tano ilikuwa ya fedha. Taarifa ya M-Pesa ya kikundi, ya miezi sita, ukaihamishe hadi kwenye jedwali la Excel. Kwa anayejua ni kazi ya saa moja. Sisi ilituchukua hadi Adhuhuri na baada yake. Nilifanya uchokozi wangu: mistari 43 ya matumizi nikaibandika kwenye akili unde, nikaiambia jumlisha. Kisha nikaijumlisha kwa Excel. Zilitofautiana kwa Sh 1,300, na iliyokosea ilikuwa ile yenye kuzungumza vizuri. Mwambie mtoto wa darasa la tano: mwenye maneno mengi akaandike insha, hesabu mpe mwingine.

Lakini Excel nayo haikuafikiana na daftari la mweka hazina. Sh 3,450. Lile daftari lina jalada la buluu, ni la nne tangu aanze miaka 11 iliyopita, na heshima yake katika kikundi ni karibu na ya mwenyekiti. Alisema daftari langu halijapata kukosea, na sauti yake haikuwa nzuri. Hakuna aliyemjibu. Binti wa Malindi akakaa naye sakafuni wakapitia mstari kwa mstari, wameacha chai ikapoa, hadi wakakuta mara mbili za mafuta ya boti zilizolipwa taslimu, risiti hakuna, na kuandikwa zikasahauliwa. Pesa hazikupotea. Zilikwenda baharini kihalali. Mweka hazina akaandika mistari miwili ile kwa kalamu nyekundu, akatia tarehe ya siku ile na sahihi. Tangu siku hiyo Excel ni yake, na mimi katibu nikitaka kuigusa nasema nataka nini kwanza.

Chakula nisipokisifu nitakuwa mnyimi. Mahamri na mbaazi saa nne, chai ya tangawizi kali, na mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, vyote kutoka kwa mama mmoja wa jirani, si hotelini. Hapo wamepata nyota tano. Jumamosi ya nne ulikuja mkate wa duka na soda, sijui nani aliamua.

Nani aende? Kikundi chenye daftari. Kama mwaandika mnachopanda, mnachouza, mnachotoa, hata kwa kalamu ya risasi, mafunzo haya yatawapa mengi, na yale ya simu kwenye hori peke yake yanastahili safari kutoka Kiunga. Kama hamuandiki, msiende kwanza. Mtarudi na maombi mazuri ya mambo ambayo hayakutokea. Nimeviona vikundi viwili chumbani mule vikitoka hivyo, vimefurahi sana. Pelekeni watu wawili, mmoja awe ndiye anayeshika pesa. Chukueni cheti cha usajili chenyewe, si picha yake. Ekstensheni ya stima chukueni yenu, chumba kina soketi mbili. Na mkiambiwa bandikeni orodha, mwamjua bwana mmoja alivyojibu.

Ombi letu tulilipeleka mwezi uliopita, na 1,240 yake na 806 yake, na maelezo ya ile mistari miwili iliyokufa. Mfadhili amejibu kwa swali moja, juu ya kaa. Twaandika jibu.

Wenye mafunzo nao niliwaandikia. Niliwasifu, kisha nikawaomba mawili: somo la kukagua lipewe nusu siku, na kundi lijalo wakipanga ratiba watazame kwanza maji ya bamvua, waanze saa nne siku ambazo Mkanda haupitiki asubuhi. Nimejibiwa. Ni barua ndefu, ya adabu, haina kosa hata moja la herufi, yanishukuru kwa mrejesho wangu wenye thamani na kuniahidi mustakabali jumuishi. Nimeisoma mara tatu. Saa ya kuanza haimo.